Mdomo umekufa ganzi, jino bado liko macho

Na Mwandishi Wetu, Juba

GEGO ni la chini, upande wa kushoto, na limemnyima mwenyewe usingizi kwa juma zima. Amebana karafuu, amesukutua kwa maji ya chumvi, amemeza vidonge vya dukani vya rangi mbili bila kuuliza jina lake. Leo asubuhi amepanda bodaboda hadi kliniki ya meno mtaani Atlabara, amelipa, amekaa kitini na kuchomwa sindano ya ganzi. Dakika tatu baadaye anaulizwa kama mdomo umekuwa mzito. Anaitikia kwa kichwa. Koleo linaingia. Anaruka.

“Si umesema mdomo umekufa ganzi?”

Kweli umekufa. Mdomo wa chini upande ule hausikii kitu, nusu ya ulimi nayo, hadi kidevuni. Jino tu ndilo limekataa.

Kisa hiki hakibebi jina la mtu kwa sababu ni cha wengi. Hutokea Juba, hutokea Gulu, Eldoret na Mbeya, na hutokea pia London kwa daktari mwenye vyeti ukuta mzima. Mgonjwa hutoka akiamini daktari hajui kazi. Daktari naye, asipokuwa mwangalifu, hubaki akiamini mgonjwa ni mwoga. Mara nyingi wote wawili wamekosea, kwa sababu taya la chini lina mambo yake.

Mtaa wenye lugha nyingi

Wapenzi wa soka watalikumbuka jina la Atlabara kutokana na klabu iliyokuja Dar es Salaam kwenye Kombe la Kagame mwaka 2021 na kupangwa kundi moja na Yanga. Mtaa wenyewe uko ndani ya jiji la Juba, umegawanywa A, B na C, na wakazi wake wametoka kila pembe ya Sudan Kusini. Kiarabu cha Juba ndicho kinachowaunganisha, Kibari, Kidinka na Kinuer vikizungumzwa majumbani. Kiswahili hakiko mbali: kimekuja na madereva wa malori na wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda na Kongo, na kimerudi na vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Wingi huo wa lugha si pambo la makala. Ganzi ikishika vizuri huondoa maumivu, haiondoi hisia ya kusukumwa na kubanwa. Jino linapotikiswa, mgonjwa husikia taya zima likisukumwa hata kama hana maumivu hata chembe. Daktari anahitaji kujua ni kipi kati ya viwili anachosikia mgonjwa. Mhudumu aliyesomea Kampala akiuliza kwa Kiingereza, msaidizi akitafsiri kwa Kiarabu cha Juba, na mgonjwa akijibu kwa Kidinka huku mdomo umejaa pamba, tofauti hiyo hupotea njiani. Kitakachobaki ni kelele tu.

Sudan Kusini ilijitawala Julai 9, 2011 ikiwa na wataalamu wachache wa kila aina. Wa meno walikuwa wamesomea Khartoum, Kampala, Nairobi na kwingineko. Mwaka 2016 nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wahudumu kutoka nchi jirani wakazidi kufungua milango Juba. Vita vilivyozuka Sudan Aprili 2023 vimevuruga masomo ya Khartoum. Kwa Afrika nzima, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria madaktari wa meno takriban watatu kwa kila watu 100,000, kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia.

Kwa hiyo kiti kimoja kina foleni ndefu. Foleni, kama tutakavyoona, ni adui mkubwa wa ganzi.

Shabaha isiyoonekana

Taya la juu lina huruma. Mfupa wake ni mwembamba na una vitundu vidogo vidogo. Dawa ikiwekwa kwenye fizi juu ya jino hupenya mfupa, hufika kwenye ncha ya mzizi, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Taya la chini, hasa kwenye magego, limevikwa mfupa mnene ambao lidokeini, dawa ya ganzi inayotumika zaidi, haipenyi kwa urahisi.

Daktari hulazimika kuifuata neva yenyewe kabla haijazama ndani ya mfupa, kama fundi anayefunga bomba kuu nje ya nyumba badala ya kuhangaika na kila mfereji jikoni. Neva hiyo huingia kwenye taya kupitia tundu lililo upande wa ndani, nyuma kabisa, pale taya linapopanda kuelekea sikioni. Tundu hilo halionekani. Halipapasiki hata kwa kidole.

Mtazame daktari anayejua kazi yake. Kidole gumba kinaingia ndani ya shavu na kutafuta kibonde kwenye ukingo wa mbele wa tawi la taya. Bomba la sindano linalazwa juu ya magego madogo ya upande wa pili wa mdomo. Sindano ndefu inaingia kwenye nyama kama sentimita moja juu ya uso wa magego ya chini, inakwenda sentimita mbili hadi mbili na nusu, mpaka inagusa mfupa. Hapo anairudisha nyuma kidogo sana, kisha anavuta pistoni ya bomba. Damu ikiingia kwenye kichupa cha dawa, sindano iko ndani ya mshipa wa damu na lazima aihamishe. Kikiwa safi, anasukuma dawa taratibu, dakika nzima au zaidi kwa mililita 1.8 tu. Anapotoka anaacha kiasi kidogo kwa ajili ya neva ya ulimi. Halafu anachoma tena mahali pengine, kwa kuwa fizi ya upande wa shavu kwenye magego ina neva yake peke yake.

Katika hatua hizo zote, kosa la kawaida zaidi ni kuchoma chini mno. Dawa hukaa chini ya tundu, wakati neva imekwisha kuingia mfupani. Sindano ikigusa mfupa mapema, iko mbele mno. Isipogusa mfupa kabisa, huenda imepita hadi kwenye tezi ya mate iliyo karibu na sikio, na mgonjwa atashtuka kuona nusu ya uso imelegea na jicho halifumbi. Hali hiyo hutisha, lakini huisha dawa inapoisha nguvu.

> Kosa la kawaida zaidi ni kuchoma chini mno. Dawa hukaa chini ya tundu, wakati neva imekwisha kuingia mfupani.

Mbinu hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Carl Koller alionyesha Septemba 1884 kwamba kokeini inaweza kuliganzisha jicho, na kabla ya mwaka huo kwisha daktari wa upasuaji William Halsted, jijini New York, alikuwa ameshaichoma kwenye neva ya taya la chini. Halsted aliijaribu dawa hiyo mwilini mwake pia, akaishia kuwa mtumwa wake. Prokeini ikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Lidokeini ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist mwaka 1943, ikaingia sokoni 1948, na hadi leo ndiyo inayojaza vichupa vingi vya madaktari wa meno duniani. Miaka zaidi ya 140 tangu Halsted, sindano bado inalenga tundu lile lile lisiloonekana.

Hata mkono mzuri hukosa

Vitabu vya fani hutaja kwamba sindano ya taya la chini hushindwa kwa takriban asilimia 15 hadi 20. Hapo tunazungumzia jino lisilo na uvimbe ndani. Jino ambalo kiini chake kimevimba na kuwaka, lile linalopiga usiku na kuruka likiguswa na maji baridi, ni jambo jingine. Katika majaribio mengi yaliyofanywa Marekani, hasa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, sindano moja peke yake ilishindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa namna hiyo, na wote walikuwa wamekiri kwamba mdomo umekufa ganzi.

Hiyo ndiyo sentensi ambayo kila mhudumu angepaswa kuibandika mbele ya kiti. Mdomo mzito unaonyesha kwamba dawa imefika jirani na neva. Hauonyeshi kwamba nyuzi zinazokwenda kwenye kiini cha gego zimenyamaza. Mdomo unaweza kuwa mzito baada ya dakika tano, jino likahitaji kumi hadi kumi na tano, na mengine zaidi.

Sababu nyingine ni ya kikemia. Ili dawa iingie ndani ya neva, sehemu yake lazima iwe katika hali isiyo na chaji. Nyama yenye uvimbe na usaha ina asidi nyingi, na asidi hupunguza sehemu hiyo. Lakini kemia haielezi kila kitu, maana sindano huchomwa mbali na jino, mahali pasipo na uvimbe, na bado jino hukataa. Watafiti wanaona kwamba neva iliyoumizwa kwa siku nyingi hubadilika yenyewe: huwa nyepesi kushtuka, na baadhi ya milango yake ya sodiamu haizuiliki kirahisi na lidokeini.

Halafu kuna maumbile. Baadhi ya watu wana tawi la ziada la neva linaloingia kwenye magego kwa njia nyingine, kupitia upande wa ulimi. Meno ya mbele kabisa hupata nyuzi kutoka pande zote mbili, kwa hiyo kuganzisha upande mmoja hakutoshi. Kwa mtoto tundu liko chini zaidi kuliko kwa mtu mzima, na hupanda kadiri taya linavyokua. Mwaka 1992 watafiti wa Kenya, Mwaniki na Hassanali, walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki vipimo vya matundu ya mifupa ya taya za Wakenya. Kazi za aina hiyo zina manufaa makubwa kuliko umaarufu wake, kwa sababu vipimo vingi vinavyofundishwa vyuoni vilitokana na taya za watu wa mabara mengine.

“Vumilia kidogo”

Sasa turudi kwenye kliniki. Ganzi haijashika, foleni iko nje, jenereta inakula mafuta. Njia mbili ziko wazi.

Ya kwanza ni maneno mawili: vumilia kidogo. Watetezi wake si watu wabaya. Hoja yao ni kwamba kung'oa huchukua dakika moja, kusubiri huchukua robo saa, na mgonjwa aliyelipa nauli kutoka mbali akirudishwa na jino lake huenda asionekane tena. Kliniki ndogo inayoishi kwa idadi ya wagonjwa haiwezi kumwacha mtu mmoja kitini nusu saa. Na kuna wagonjwa wenyewe wanaosema: ng'oa tu, tumalize.

Ya pili ni kusimama. Kusubiri dakika kumi zaidi. Kupima jino kwa pamba yenye baridi kabla ya kuligusa na chombo. Likijibu, kurudia sindano, safari hii juu kidogo ya ile ya kwanza. Bado likijibu, kuna njia za nyongeza, na nyingine hazihitaji mashine yoyote. Dawa kidogo inaweza kusukumwa kwa nguvu kwenye mwanya kati ya jino na mfupa, au kuwekwa kwenye fizi ya upande wa shavu. Kama ni matibabu ya mzizi na kiini kimefunguliwa tayari, inaweza kuchomwa ndani ya kiini chenyewe. Inauma sana kwa sekunde chache, kisha jino linanyamaza.

Naiunga mkono njia ya pili, na si kwa sababu ya huruma peke yake. Anayeng'olewa jino akilia hubana taya na kurusha kichwa, mzizi huvunjika, na ile dakika moja iliyokuwa ikiokolewa inageuka saa nzima ya kuchimba vipande. Isitoshe, mtu huyo hatarudi na jino la pili mpaka liwe jipu.

Afrika nayo imechangia katika utaalamu huu. Kuna mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo kwa sababu misuli ya taya imekaza kutokana na maambukizi. Kwake sindano ya kawaida haiwezekani. Mwaka 1977 J. O. Akinosi, aliyekuwa akifanya kazi Lagos, Nigeria, alichapisha katika jarida la Uingereza njia ya kuichoma neva hiyo mdomo ukiwa umefumbwa, sindano ikipita sambamba na fizi za juu. Vazirani alikuwa ameandika jambo la kukaribiana mwaka 1960, na leo njia hiyo hubeba majina yao yote mawili. George Gow-Gates wa Australia alikuwa tayari, mwaka 1973, ameeleza njia nyingine ya kuipata neva juu zaidi, mgonjwa akipanua mdomo kabisa. Hakuna kati ya hizo inayodai kifaa kipya. Zinadai mafunzo na mazoezi.

> Sindano ya Akinosi ilizaliwa Lagos, kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo. Haidai kifaa kipya.

Ubishi wa vidonge

Ubishi mkali zaidi uko kwenye swali ambalo kila familia ya Afrika Mashariki inalijua: jino likivimba, ling'olewe leo au mgonjwa ameze antibayotiki kwanza siku tano?

Wapo wahudumu wengi, na jamii nzima nyuma yao, wanaosema jino haling'olewi likiwa linauma. Msingi wa imani hiyo si upuuzi. Ganzi kweli hushindwa zaidi kwenye jino linalowaka, na aliyewahi kung'olewa likiwa hivyo haisahau siku hiyo. Vidonge vikishusha uvimbe, sindano ya baadaye hufanya kazi vizuri zaidi.

Kasoro iko kwenye vidonge vyenyewe. Jino lenye kiini kilichovimba halina maambukizi yanayofikiwa na antibayotiki. Maumivu yake yanatokana na uvimbe ndani ya chumba kisichoweza kutanuka. Jaribio dogo la mwaka 2000, lenye wagonjwa 40, liliwapa baadhi penisilini na wengine vidonge bandia: maumivu hayakutofautiana. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa 2019 unasema antibayotiki zisitolewe kwa maumivu mengi ya jino pale ambapo matibabu yenyewe, yaani kufungua jino, kulitoa au kutoboa jipu, yanapatikana. Dawa hizo hubaki kwa mgonjwa ambaye maambukizi yameanza kusambaa: ana homa, uvimbe unapanda, mwili umechoka.

Neno “yanapatikana” lina uzito wake Juba. Mtu aliye vijijini, siku mbili kutoka kwenye kiti cha meno, hana matibabu yanayopatikana. Lakini aliyekwisha kukaa kwenye kiti, mbele ya mtu mwenye sindano, kumrudisha nyumbani na pakiti ya amoksilini kwa sababu tu ganzi inaweza kusumbua ni kuahirisha tatizo kwa gharama yake. Ibuprofeni ikimezwa kama saa moja kabla ya sindano, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito, imeonekana katika tafiti kadhaa kuongeza uwezekano wa ganzi kushika kwenye jino linalowaka. Kidonge hicho nacho ni cha bei rahisi.

Joto, barabara na kichupa

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Kichupa cha ganzi kimeandikwa ubavuni kwamba kihifadhiwe chini ya nyuzi 25.

Lidokeini yenyewe ni ngumu. Joto haliiui kirahisi. Kinachoteseka ni adrenalini iliyochanganywa nayo. Kazi ya adrenalini ni kubana mishipa ya damu ili dawa isisombwe haraka. Ikiwepo na ikiwa hai, kiini cha jino hukaa kimya kwa takriban saa moja. Ikikosekana, ni dakika chache tu, na mgonjwa anaamka katikati ya kazi. Kichupa kilichosafiri ndani ya lori kutoka Mombasa, kikavuka mpaka wa Nimule, kikamaliza zile kilomita 192 hadi Juba, kisha kikakaa miezi kwenye rafu ya bati, kinaweza kuwa na lidokeini kamili na adrenalini iliyochoka. Dawa iliyogeuka rangi ikawa ya kahawia haistahili kuchomwa mtu.

Orodha ya dawa muhimu ya WHO inataja wazi kichupa cha meno chenye lidokeini asilimia 2 na adrenalini sehemu moja kwa 80,000. Pale kisipopatikana, wahudumu huvuta lidokeini tupu kutoka kwenye chupa kubwa ya hospitali kwa bomba la kawaida. Inafanya kazi kwa muda mfupi, na ina hatari yake: ni rahisi kupoteza hesabu. Mililita moja ya asilimia 2 ina miligramu 20. Kwa kiwango cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kilo, mtoto wa kilo 15 asipite miligramu 66, ambazo hazifiki hata vichupa viwili vya mililita 1.8. Ganzi inapokataa na mtu akaongeza na kuongeza, mtoto ndiye anayefika ukingoni kwanza. Degedege ni dalili kwamba mpaka umevukwa.

Kuna dawa nyingine, artikeini ya asilimia 4, iliyoanza kutumika Ujerumani miaka ya 1970 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2000. Sifa yake ni kupenya mfupa wa taya la chini vizuri kuliko lidokeini, hivyo ikiwekwa kwenye fizi ya upande wa shavu baada ya sindano kuu kushindwa, mara nyingi huokoa jahazi. Wapinzani wake hukumbusha ripoti za Ontario, Kanada, zilizochapishwa mwaka 1995, za ganzi ya ulimi na mdomo iliyodumu muda mrefu baada ya sindano za aina hii. Ndiyo maana wengi huitumia kwenye fizi tu na kuiacha lidokeini kwa neva kuu. Msimamo huo una busara, ingawa kwa kliniki nyingi ndogo mjadala huishia kwenye bei.

Meno ya mbele na ujasiri

Kabla ya sindano yoyote kufika nchi hii, taya la chini lilikuwa tayari na historia yake. Wadinka na Wanuer wamekuwa wakiwatoa watoto meno ya mbele ya chini, kama walivyofanya Wajaluo wa Kenya walioyatoa sita, bila ganzi na kwa chombo cha chuma. Yalikuwa alama ya ukoo na ya urembo, na mtoto alitarajiwa kunyamaza. Chale za paji la uso zilifuata, na kwa hizo kijana hakuruhusiwa hata kukunja uso. Desturi hizo zinapungua, na baadhi ya waliohamia Marekani wametafuta meno ya kupandikizwa ili kuziba pengo.

Sitaki kusema kwamba kila mtu mzima wa Atlabara amelelewa hivyo, wala kwamba waliolelewa hivyo hawasikii maumivu. Nasema hivi: daktari anayengoja mgonjwa apige kelele ndipo ajue ganzi haijashika atapotea kwa mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kelele ni aibu. Mtu huyo atashika kwa nguvu mikono ya kiti, atatoka jasho, atamaliza, na atakwenda kusimulia nyumbani. Ni afadhali kukubaliana kabla ya kuanza: ukisikia maumivu, nyanyua mkono wa kushoto, mimi naacha. Ishara hiyo haihitaji mkalimani.

Upande wa pili wa desturi ni hatari zaidi, na haujaisha. Watoto wachanga wenye homa au kuharisha hukatwa fizi ili kuondoa kinachoitwa Tanzania “meno ya plastiki” na Uganda “ebino”. Vinavyotolewa ni vichipukizi vya chonge za utotoni, kwa waya au kisu, bila ganzi. Hakuna ugonjwa wowote unaoponywa kwa njia hiyo, na watoto wamefariki kwa damu na maambukizi.

Hofu inapoua

Mtu aliyeumizwa kitini hukaa na jino lake. Gego la chini lililooza likipitisha maambukizi chini ya ulimi na kwenye shingo, uvimbe hujaa pande zote mbili, ulimi husukumwa juu, na njia ya hewa huziba. Madaktari huiita angina ya Ludwig, kwa jina la Mjerumani aliyeieleza mwaka 1836. Hapo suala la ganzi limepitwa na wakati. Kinachotakiwa ni chumba cha upasuaji, na kwa wakazi wa Juba maana yake ni hospitali kubwa ya rufaa usiku ule ule.

Kwa meno yenye matundu madogo ya uozo ipo njia isiyohitaji sindano mara nyingi, nayo ilianzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono tu na kuziba kwa saruji inayoshikamana na jino. Haihitaji umeme wala mashine. Jino likizibwa mapema hivyo, halifiki hatua ya kukataa ganzi.

Msomaji mwenye gego la chini linalouma, usingoje limalize juma la pili. Kabla ya sindano, mwambie daktari kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, ujauzito, mzio, au dawa unazomeza, na kama sindano ya awali iliwahi kukataa. Baada ya sindano omba muda, na ukisikia maumivu sema, hata kama mdomo ni mzito. Ukitoka usile upande ule mpaka ganzi iishe, kwa kawaida saa tatu hadi tano, na mlinde mtoto asijitafune mdomo. Ukiona uvimbe chini ya kidevu, kumeza kumekuwa kugumu au pumzi inakaba, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.